Bega Langu Mikononi mwa Watu Wawili

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Zakari,

Asalaam aleikum. Kabla ya yote niambie hali yako. Kile kikohozi cha vumbi kimekuachia, au bado unakohoa ukicheka? Watoto wanaendeleaje na shule? Na wifi yangu Mwasiti, nimwombee nini zaidi ya hilo ulilonieleza? Nawawaza wote hapo Ujiji kila nikimaliza sala.

Sisi huku tunashukuru. Baridi ya mwaka huu imetuuma, asubuhi watu wanatembea wamejifunika mablanketi kama wagonjwa, na vumbi la malori ya migodi limegeuza kuta zetu zote rangi moja. Shemeji yako Asumani bado anashona magodoro yake barazani, macho yanapungua lakini hataki miwani. Sukari yangu inapanda na kushuka, nakunywa dawa, nakula bukari, huo ugali wetu wa huku, kidogo kuliko ninavyotaka.

Sasa niingie kwenye ulichoniuliza. Simu imetukatikia kila tulipofika penye maana, ndiyo sababu nimechukua kalamu. Umesema Mwasiti hawezi tena kujichana nywele, na hospitali ya huko wamemwambia bega lake limeganda. Umesema pia kuna watu wawili wa kumtibu kwa mikono. Mmoja anasema mkono lazima usukumwe, mwingine anasema ubembelezwe. Unataka yaya wako, dada yako mkubwa, akwambie nani anasema kweli.

Nitakujibu, Zakari, lakini usitegemee jibu la neno moja. Jambo hili lina hasira ndani yangu, na hasira yenyewe haijaisha.

Bega langu la kulia lilianza bila sababu. Sikuanguka, sikubeba mzigo. Asubuhi moja ya masika nilinyoosha mkono kuchukua mwiko, nikahisi kama mtu amenichoma ndani ya bega kwa ile sindano ndefu ya Asumani ya magodoro. Nikasema litapita. Halikupita. Baada ya muda nikawa siwezi kulalia upande ule, halafu siwezi kufunga kitambaa kichwani, halafu siwezi kufikisha mkono mgongoni. Kwenye sala mkono wa kushoto unapanda mpaka sikioni, wa kulia unaishia kifuani kama wa mwanafunzi anayeogopa kuuliza swali. Nilisonga bukari kwa mkono wa kushoto, ikatoka na madonge. Asumani akaila kimya. Kile kimya kilinikera kuliko kama angelalamika.

Ikawa yeye ndiye ananifunga vifungo vya gauni kila asubuhi. Vidole vyake vimezoea turubai, vifungo vidogo vinamshinda, na mimi nasimama pale nimempa mgongo kama mtoto anayepelekwa shule. Siku nyingine kifungo kimoja kinaingia tundu la mwenzake, nafika sokoni gauni limepinda, ndipo naambiwa na watu.

Daktari alinipiga picha, akasema mfupa ni mzima. Akasema kile kifuko kinachofunika kiungo cha bega kimewaka moto, na kikiwaka kinasinyaa, kama nguo ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto, ndiyo maana mkono hauna nafasi ya kupita. Akasema wenye sukari wanalipata sana, na likiwashika linakawia. "Itapita yenyewe," akasema, "lakini uende kwa kine." Unakumbuka huku kine ndiye yule mtaalamu wa viungo anayetibu kwa mikono. Nikamuuliza itapita lini. Akaangalia saa yake.

Na majirani, usiniulize. Kila mtu Kamalondo ana shangazi aliyepona bega. Huyu kwa mafuta ya nyoka, huyu kwa tofali la moto, huyu kwa kulivuta ghafla wakati mgonjwa anaongea habari nyingine. Huyo wa mwisho nilimfukuza uwanjani.

Ningevumilia yote kama lingekuwa jambo la bukari na vifungo. Lakini wewe unaijua kazi yangu nyingine. Tangu Mama Asha aliponifundisha, mimi ndiye ninayeosha maiti wa kike wa jumuiya yetu, na kazi ile yote iko begani. Lazima upitishe mkono wa kulia chini ya mgongo wa marehemu, umgeuze taratibu ubavu kwa ubavu, umshike asianguke, na mwenzako amwagie maji. Mama Asha ndiye aliyemuosha mama yetu, hujasahau. Mwaka ule bega liliponishika, yeye mwenyewe alikuwa ameshalala kitandani, miguu imevimba, pumzi fupi. Aliniita, akanishika mkono huu huu mbovu.

"Mounira, siku yangu ikifika, mi nataka mukono yako. Sitaki banamuke bengine banigeuze sawa gunia."

Nikamwambia, "Mama, mukono yangu iko mugonjwa."

"Basi uende ipone. Mi nitangojea kidogo."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kutafuta kine.

Wa kwanza anaitwa Jean-Claude. Ana chumba chake karibu na katikati ya mji, mtu mkubwa, mabega kama mlango, wachezaji wa mpira wanamjua na wafanyakazi wa migodi ya upande wa Kinsevere wanapanga mstari kwake. Ana sifa nzuri na siisemi vibaya sifa yake. Alinilaza chali. Mkono wake mmoja ulibana ubapa wa bega langu kwenye kitanda usiinuke, wa pili ukashika kiwiko changu, akaanza kukisukuma nje na juu. Mkono ulipogoma, hakuacha. Alikaa pale pale kwenye kugoma, akaegemea kwa uzito wake, akahesabu kwa sauti kwa Kifaransa, akapumzika, akaegemea tena mbele kidogo.

"Lâchez, mama, lâchez. Usikaze. Kile kifuko kimejikunja, lazima tukivute mpaka kifunguke. Ukiogopa maumivu, mukono itabakia hivi."

Nikamwachia. Niliuma kona ya kitambaa changu, machozi yakaingia masikioni. Baada ya kumaliza alinipima, akanionyesha kwenye kioo kwamba mkono umepanda zaidi ya ulivyokuja. Ni kweli ulipanda. Nilitembea mpaka nyumbani nimefurahi.

Kufika jioni bega lilikuwa linapiga kama moyo. Sikulala. Kesho yake mkono ulikuwa chini kuliko kabla sijaenda. Nikarudi, nikamwambia. Akasema ni kawaida, mwili unapigana, tuendelee. Tukaendelea. Kila nilipotoka kwake nilikuwa na mkono mrefu kwa saa chache na usiku wa kulia hadi alfajiri. Asumani akaanza kulala sebuleni ili asinigonge. Mwisho nilifika mahali ambapo Jean-Claude akinyoosha tu mkono kunigusa, bega lote linajikaza kabla hajafika. Sasa atavuta nini? Alikuwa anashindana na mimi, si na kifuko.

Nikaacha. Nilimwambia sirudi tena, na nilisema kwa sauti ambayo wagonjwa wengine walisikia.

Wa pili ni Madame Régine, wa zahanati moja ya parokia. Mwanamke mdogo wa mwili, mikono ya joto, anaongea polepole kama anayekutoa mwiba. Yeye alinikalisha, akaweka taulo iliyokunjwa kwapani, akaushika mkono wangu na kuuvuta taratibu kutoka kwenye tundu lake, kidogo sana, kama mtu anayepima kama mlango una komeo. Halafu akautikisatikisa pale pale, mbele nyuma, bila kufika penye maumivu hata mara moja. Alikanda misuli ya shingo na ya nyuma ya ubapa wa bega. Akanifundisha kuinama nyumbani, niuache mkono uning'inie na kuubembeza kama kamba ya ndoo.

"Bega yako iko na moto bado," akaniambia. "Moto haisukumwi. Yule monsieur iko mécanicien, yee anafikiri muntu ni gari."

Jean-Claude naye, siku ile ya mwisho nilipomwambia nahamia kwa Madame Régine, alikuwa ameshanipa hukumu yake: "Ile si matibabu. Iko anakupapasa tu sawa paka."

Ninakuandikia maneno yao wote wawili ili ujue nilikuwa katikati ya nini. Watu wawili waliosoma, kila mmoja amenishika upande mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia mwenzake simu.

Kwa Madame Régine nililala usingizi. Hilo nampa haki yake. Usiku wa kwanza nilioamka na adhana badala ya maumivu, Asumani alirudi chumbani na godoro lake kama bwana harusi. Maumivu yalipungua wiki hadi wiki. Lakini mkono, Zakari! Mkono ulibaki pale pale. Haukupanda hata upana wa kidole. Nikienda, ananitikisa, ananiuliza kama nimelala, nasema nimelala, anafurahi, narudi nyumbani na mkono ule ule wa kifuani. Nikimuuliza lini utapanda, ananijibu polepole, polepole. Masika yakaisha hivyo. Baridi ikaingia hivyo.

Na Mama Asha hakuweza kuningojea zaidi.

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, katikati ya baridi ya mwaka jana. Walipokuja kuniita nilikuwa nimeshaanza kuvaa, Asumani ananifunga vifungo. Hakusema nisiende. Aliniangalia tu, akafunga cha mwisho vizuri kuliko siku zote.

Ya maiti hayasemwi nje, nawe unajua hivyo. Nitasema ya mkono wangu peke yake. Tulikuwa chumba cha nyuma, maji ya vuguvugu kwenye ndoo, kafuri tayari, mkwe wake wa kike amesimama na shuka. Zaina alikuwa nami, yule binti niliyekuwa namfundisha. Aliniambia, "Mama Mounira, acha nikamate mimi mugongo." Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeahidi. Nikapitisha mkono wa kulia chini ya mgongo wa Mama Asha, nikamwinua kumgeuza, na pale anapotakiwa kuja juu yangu bega likagoma. Halikuuma sana. Liligoma tu, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Uzito ukanitoka. Zaina alimdaka, lakini si mapema vya kutosha. Kichwa cha Mama Asha kiligusa ubao wa kuoshea.

Kidogo tu. Lakini nilisikia ule mlio, na mkwe wake aliusikia.

Zaina akanisukuma taratibu kwa kiuno, akachukua mahali pangu. Mimi nikaenda kusimama penye ndoo, nikachota maji kwa mkono wa kushoto na kumwelekeza kwa maneno, hapa kwanza, sasa huku, funika, geuza. Alifanya vizuri sana. Kila kitu kilikwenda kama inavyotakiwa. Na kile alichoniomba mwanamke aliyemuosha mama yetu, sikukifanya mimi.

Siku iliyofuata nilikwenda zahanati. Sikusalimia hata, Mungu anisamehe. Nilimwambia Madame Régine, "Miezi yote hii uko unanikamata sawa mutoto mwenye homa! Mukono iko wapi? Nionyeshe mukono!"

Alikuwa anapanga taulo. Akaniuliza nini kimetokea.

Nikamwambia. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakujua. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kazi?" na kabla sijafungua mdomo akaandika kwamba mimi ni mwanamke wa nyumbani. Jean-Claude alifanya vile vile, sijui shule yao ni moja. Wote wawili walipima mkono wangu kwa kioo na kwa macho, hakuna aliyeuliza mkono huu unatakiwa kufanya nini.

Nilidhani atarudi nyuma akisikia naosha maiti. Watu wengine hawanipi hata mkono sokoni. Yeye aliweka taulo chini, akavua viatu, akapanda kwenye kile kitanda chake cha kutibia na kulala chali, mikono pembeni.

"Nigeuze," akasema.

"Madame?"

"Nigeuze sawa bale unabaosha. Mi nione."

Nilisimama, sikujua nicheke au niondoke. Halafu nikafanya. Nilipitisha mkono chini yake, nikaanza kumgeuza, na bega likagoma pale pale. Akasema tena. Nikafanya tena. Alikuwa amelala macho wazi, anaangalia bega langu tu, na mara ya mwisho aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha mfupa wakati mimi navuta.

"Inauma?"

"Hapana. Inakataa tu."

Akakaa kitako. Akasema, "Basi moto imeisha. Imeisha zamani kidogo. Ilikuwa lazima nianze kusukuma, na mi niliendelea kukulinda." Akashusha miguu kutafuta viatu vyake. "Na mikono yangu ni midogo kwa ile kazi. Rudia kwa Jean-Claude."

Zakari, nilitaka kumpiga kwa taulo yake. Baada ya yote! Nirudi kwa mtu niliyemtukana mbele ya wagonjwa wake! Nikamuuliza, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa sahihi? Akasema hapana, alisukuma wakati bega linawaka, likawaka zaidi. Nikamuuliza, na wewe? Akasema yeye alifanya sawa mwanzoni na akachelewa mwishoni. Nikamuuliza swali la mwisho: kama nisingeenda popote, nikakaa nyumbani, bega lisingefunguka lenyewe? Akanijibu kwa unyofu ambao ulinikera kuliko uongo.

"Labda lingefunguka. Hakuna anayejua kwa hakika, mama."

Nilikaa siku kadhaa nyumbani nimenuna. Asumani akaniambia kwamba kununa hakunifungi vifungo. Nikaenda.

Jean-Claude aliponiona alisimama mlangoni, mikono kifuani. Nikamwambia nimetumwa na Madame Régine, maumivu yamekwisha, kilichobaki ni kugoma. Nikamwambia pia nina sharti moja, nikiinua kidole anasimama, hata kama yuko katikati ya kuhesabu. Akasema, "Ile mara ingine mi sikukosa. Bega yako njo ilikuwa mubaya." Sikubishana naye kama kosa lilikuwa lake au la bega. Sikwenda kutafuta radhi, nilikwenda kutafuta mkono.

Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Alisukuma kama zamani, mpaka mwisho wa njia na kukaa pale, lakini sasa bega halikulipiza usiku. Lilibaki na ugumu kidogo, halafu kesho yake likawa limepata nafasi mpya. Na alikuwa na jambo jingine ambalo mwanzoni hakunifanyia kamwe. Alinisimamisha, akaweka kiganja chake mbele ya kichwa cha mfupa wa bega na kukisukuma nyuma kidogo, kwa utulivu, akakishikilia pale. Halafu akaniambia mimi mwenyewe niinue mkono. Yeye anashika mfupa ukae njia yake, mimi ndiye ninayeinua. Ikiuma, anabadilisha upande wa kusukuma mpaka isiume, ndipo tunarudia. Siku ya kwanza ya jambo lile mkono wangu ulipita kidevu, nikaona kiganja changu mbele ya macho kama cha mtu mwingine.

Nikamuuliza kwa nini hakunifanyia hivyo tangu zamani. Akasema zamani nisingeweza, na labda ni kweli. Kila kitu huko ni labda.

Sasa ndilo jibu langu kwa Mwasiti, umsomee mwenyewe. Asiulize nani bora. Amuulize kwanza anayetaka kumshika: bega hili bado linawaka, au limeshaganda? Kama haliwezi kulaliwa, kama linapiga usiku, kama akiguswa linajikaza, basi amwendee yule wa kubembeleza, na yule wa kusukuma akae mbali hata akiwa na sifa gani. Maumivu yakiisha na kugoma kukibaki, asifanye kama mimi nilivyofanya, kukaa miezi anabembezwa kwa sababu tu analala vizuri. Hapo ndipo kusukuma kunafaa, na ile njia ya mgonjwa kuinua mwenyewe huku mtu ameshika mfupa, kwangu ndiyo iliyozaa matunda. Apime sukari pia, hata kama anajiona mzima. Na amwambie kila anayemtibu ni kazi gani mkono ule unaifanya nyumbani na nje. Aseme kabla hawajaandika.

Nisikudanganye, sijapona sawasawa. Kwa mbele mkono unapanda mpaka juu, kwenye sala yote miwili inafika masikioni. Lakini mgongoni unaishia kiunoni tu, na Asumani bado ananifunga vifungo. Sasa anavipata.

Kuna jambo moja bado, halafu nitakuacha upumzike.

Mwezi uliopita waliniita kwa mwanamke mmoja wa Kasenga, mchuuzi wa samaki, Mwislamu, aliyefia huku mjini akiwa amekuja na mzigo wake. Hakuwa na ndugu wa kike hata mmoja hapa. Tangu siku ya Mama Asha Zaina ndiye aliyekuwa anaosha na mimi nasimama penye ndoo, lakini siku ile Zaina alikuwa na mtoto mgonjwa. Nikaingia na mwanamke mmoja wa msikitini ambaye hajawahi kushika maiti, anashika ndoo kwa mikono miwili.

Nikapitisha mkono wa kulia chini ya mgongo wa yule mama nisiyemjua. Nikainua. Akaja ubavuni mwangu taratibu, mzima mzima, kichwa chake kwenye kiwiko changu, wala hakuyumba. Nikamshikilia mpaka maji yakaisha, nikamgeuza upande wa pili, nikamlaza.

Yule mwenzangu alidhani namlilia marehemu, akanipa pole. Sikumsahihisha. Nililia kwa hasira, Zakari, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mfikishie Mwasiti salamu zangu za pekee, umwambie ninamwombea bega lake lipate mikono yenye masikio. Wabusu watoto. Nisalimie mjomba Chande na mkewe, na wale majirani wa kisimani walionipokea nilipokuja. Asumani anakusalimu, anasema godoro ulilomwagiza liko tayari na limeshonwa bila miwani, kwa hiyo usiangalie mishono. Zaina naye anakusalimu ingawa hamjaonana.

Mwenyezi Mungu awape afya inayokaa, riziki isiyo na kero, na usingizi wa kulalia ubavu wowote mnaoutaka.

Wako wa damu moja, akupendaye na akukumbukaye kila siku,

Yaya Mounira